Ziwa Lipo, Muda Haupo

Alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya Igombe, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria mkoani Mwanza, mitumbwi ya dagaa hurudi ufukweni taa zake zikiwa bado zinawaka. Wanawake wamekwisha kujipanga na ndoo. Anayechelewa hukuta dagaa wazuri wamekwisha kuchukuliwa, au bei imepanda. Akishapata ndoo zake mbili tatu, ndipo kazi inapoanza: kuwatandaza kwenye nyavu kuukuu au juu ya chanja, kuwageuza, kuwafukuza kunguru na korongo, na kila mara kutupia jicho wingu. Dagaa wakinyeshewa huharibika, na aliyenuia kuuza kitoweo huishia kuuza chakula cha kuku.

Katika pilikapilika hizo yupo mtoto wa miezi mitatu. Pengine amelazwa juu ya khanga kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, pengine amebaki nyumbani na dada yake wa miaka tisa. Akianza kulia saa tatu asubuhi, dagaa nusu wamegeuzwa na nusu bado. Mama anajua kwamba mtoto anataka ziwa. Anajua pia kwamba kumkalisha mtoto ziwani kwa dakika 20, mara nane au kumi kwa siku, ni saa tatu zinazotoka kwenye dagaa. Kikombe cha uji mwepesi mikononi mwa dada mtu hakili muda huo.

Ukiuliza mama wa Kitanzania hunyonyesha kwa muda gani, takwimu zitakupa majibu mawili yanayoonekana kugombana. La kwanza linafurahisha: karibu watoto wote nchini hunyonyeshwa, na nusu yao huendelea kuwa na ziwa mpaka wafikie miezi 20 hivi. Nchi nyingi tajiri haziko karibu na hapo. Jibu la pili linahusu ile miezi sita ya mwanzo, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu mwaka 2001 linataka mtoto apewe maziwa ya mama peke yake: bila maji, bila uji, bila dawa ya chango. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004-05 ulikuta asilimia 41 tu ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonyeshwa hivyo. Mwaka 2010 wakawa asilimia 50, mwaka 2015-16 asilimia 59, na mwaka 2022 asilimia 64.

Ngazi inapanda, na waliofanya kazi hiyo wanastahili pongezi. Lakini wastani una tabia ya kuficha. Katika hesabu za mwaka 2015-16, watoto wa mwezi wa kwanza walionyonya ziwa tupu walikuwa wengi sana. Ukija kwa wale wa miezi minne na mitano, hawakufika hata theluthi. Kunyonyesha kwenyewe, basi, si tatizo la Kanda ya Ziwa wala la nchi hii. Kinachokatika njiani ni lile neno "peke yake".

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia jibu moja: akina mama hawana elimu. Watafiti waliokwenda Manispaa ya Kigoma mwaka 2010, kwenye mwambao wa ziwa jingine, waliwahoji akina mama 402 wenye watoto wa kati ya miezi sita na kumi na miwili. Asilimia 86 walikuwa na uelewa mzuri wa kunyonyesha. Waliokuwa wamenyonyesha bila kuchanganya kwa miezi sita yote walikuwa asilimia 58. Kati ya kujua na kutenda kuna watu 28 katika kila mia, na semina nyingine haitaliziba pengo hilo. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba waliojifungulia kituo cha afya, na wale ambao hawakupatwa na matatizo ya matiti kama kujaa sana au chuchu kupasuka, walidumu zaidi. Hayo ni mambo ya mkunga aliyepo, mikono inayomsaidia mzazi kumpakata mtoto vizuri, na muda wa kukaa chini. Bango halifanyi kazi hiyo.

Na kuhusu mabango: kila mwaka, tarehe 1 hadi 7 Agosti, dunia huadhimisha Wiki ya Unyonyeshaji. Kwenye mabango mengi mama ameketi kwenye sofa, mgongo umeegemea mto, uso umetulia. Ni picha nzuri. Mama anayeanika dagaa mwaloni huenda akaitazama kama anavyotazama tangazo la nyumba za ghorofa.

Ili kuelewa kwa nini muda ni jambo kubwa hivi, inabidi kujua ziwa linavyofanya kazi. Watu wengi hulifikiria kama mtungi: likijaa mtoto ananyonya, likiisha lisubiriwe lijae tena. Mwili haufanyi hivyo. Mtoto anapovuta chuchu, ubongo wa mama huachia homoni mbili. Ile inayoitwa prolaktini huagiza maziwa yatengenezwe, na oksitosini huyasukuma yatoke. Kadri mtoto anavyonyonya mara nyingi, hasa usiku ambapo prolaktini hupanda zaidi, ndivyo maziwa yanavyozidi. Ziwa lisiponyonywa kwa saa nyingi hupokea ujumbe mwingine: hapa maziwa hayahitajiki.

Sasa mweke mtoto yule wa miezi mitatu kwenye hesabu hiyo. Akinywa kikombe cha uji saa tatu asubuhi, tumbo limejaa, na mama anaporudi saa sita anavuta kidogo tu na kulala. Ziwa linapunguza kazi. Kesho maziwa ni machache kidogo, mtoto analia zaidi, uji unaongezwa. Baada ya wiki mbili mama anasema, "Maziwa yangu hayatoshi," na hapo anasema kweli, ingawa wiki mbili nyuma haikuwa kweli.

Sentensi hiyo, maziwa hayatoshi, ndiyo inayotajwa kuliko nyingine yoyote na akina mama walioongeza chakula mapema, kuanzia Ukerewe hadi London. Mara nyingi huanza kwa kusoma vibaya kilio. Mtoto ana vipindi vya kukua kwa kasi, karibu na wiki ya tatu, ya sita na mwezi wa tatu, ambapo hutaka kunyonya mfululizo kana kwamba hajawahi kula. Siku mbili tatu akikubaliwa, maziwa huongezeka na kilio hupoa. Lakini siku hizo mbili tatu ndizo ambazo jirani, shangazi na bibi hufika na hukumu moja: mtoto ana njaa.

Bibi ana nafasi yake katika habari hii, na si nafasi ya adui. Katika familia nyingi za Kisukuma mzazi wa kwanza hulelewa na mama yake au mama mkwe. Ndiye anayepika uji wa mzazi, anayemkanda kwa maji ya moto, anayemwogesha mtoto. Yeye amezaa saba na kulea wajukuu kumi na wawili. Akisema, "Mwanangu, huyu mjukuu wangu ana kiu, mpe maji kidogo," mkamwana anayejibu kwa kunukuu kadi ya kliniki anatafuta ugomvi ndani ya nyumba asiyoimiliki. Maji huonekana ni jambo la huruma tu, hasa miezi ya joto. Ila maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, na mtoto anayenyonya atakavyo hahitaji tone jingine. Maji ya kikombe mara nyingi ni yaleyale ya ziwa, ambamo watu huoga, hufua na kuosha samaki, na ambayo kipindupindu hakijawahi kuyasahau. Tumbo la kichanga wa siku moja huchukua kiasi kidogo sana. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya rangi ya njano ambayo zamani baadhi ya watu waliyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, yanatosha kabisa kulijaza, na yana kinga ambayo haipatikani kokote kwingine.

Wapo pia wanaoamini kwamba mama akishinda juani, maziwa huchacha kifuani, hivyo akirudi kutoka shambani au mwaloni inampasa ayakamue ya kwanza na kuyamwaga. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Lakini imani hii ina akili yake: imezaliwa miongoni mwa wanawake walioshinda mbali na watoto wao, matiti yakawauma kwa kujaa, na mtoto akayakataa yanaporuka kwa nguvu mdomoni.

Kazi ya dagaa angalau ina kalenda yake. Dagaa huvuliwa gizani kwa kuwavutia na taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa angani huwatawanya na mitumbwi mingi hupumzika. Siku hizo za mbalamwezi mwanamke wa kambini hulala mpaka jua litoke, na mtoto hunyonya atakavyo. Giza likirudi, ratiba inavunjika. Hakuna sheria ya kazi inayotambua likizo ya mwezi mpevu, ingawa pengine ndiyo likizo pekee ambayo mchuuzi wa dagaa ameijua tangu ajifungue.

Sheria ipo, kwa wale inaowafikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaruhusiwa kuianza wiki nne kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Chukua kalamu: akianza mapema hivyo, anabaki na siku 56 za kukaa na mtoto. Akisubiri mpaka uchungu umshike ofisini, kisha akaunganisha na siku 28 za likizo ya mwaka, anafikia siku 112. Miezi sita ni siku 180 na ushee. Kwa namna yoyote utakayozipanga, likizo inakwisha kabla ya agizo la daktari, na mataifa yaliyokutana Geneva mwaka 2000 kuandika mkataba wa kimataifa wa ulinzi wa uzazi yalikubaliana kiwango cha chini kabisa kiwe wiki 14, mbili zaidi ya zile 12 za Tanzania. Baba anapata siku tatu.

Kipengele kingine cha sheria hiyo hakitajwi mara nyingi: mwajiri anapaswa kumruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Kwenye karatasi ni haki kubwa. Mjini Mwanza inategemea mama anakaa wapi. Mwalimu wa Kirumba anayefundisha Kirumba atakwenda nyumbani na kurudi. Mhasibu anayekaa Buhongwa au Kisesa na kufanya kazi katikati ya mji atazimaliza saa hizo kwenye daladala, kwa hiyo wengi huziomba zihesabiwe kama ruhusa ya kutoka mapema, na mtoto humngoja mpaka jioni. Njia iliyobaki ni kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi chenye mfuniko hukaa kama saa nne kwenye joto la kawaida, na hadi siku nne ndani ya friji, na mtoto hunyweshwa kwa kikombe badala ya chupa, ambayo ni ngumu kuosha. Kinachohitajika kazini ni chumba chenye mlango unaofungwa. Sehemu nyingi chumba hicho ni choo.

Vibarua wanaochambua minofu ya sangara kwa malipo ya siku, mama lishe wa stendi ya Nyegezi, wachuuzi wa nyanya Soko Kuu na wakulima wa pamba na mpunga wa Magu, Misungwi na Kwimba hawamo kwenye hesabu ya siku 84. Hao ndio wanawake walio wengi. Kwao likizo ya uzazi ni arobaini, zile siku 40 za kukaa ndani ambazo mila iliwapa, na mila imeonekana kuwa mkarimu kuliko mkataba wa kibarua. Arobaini ikiisha wakati wa palizi, jembe haliulizi. Wapo pia wanafunzi. Tangu Novemba 2021, Waraka wa Elimu Namba 2 umewaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni ndani ya miaka miwili. Ni uamuzi mwema uliochelewa, ila msichana wa miaka 17 anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa kumi jioni ananyonyesha jioni na usiku tu.

Jambo jingine lililofupisha ziwa kwenye mwambao huu lilitoka kliniki kwenyewe. Jamii za wavuvi zimekuwa na maambukizi makubwa ya virusi vya UKIMWI kuliko maeneo mengi ya ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mama mwenye VVU aliambiwa, kama anaweza, asinyonyeshe kabisa; kama hawezi, anyonyeshe bila kuchanganya kisha aache mapema, kwa ghafla. Ushauri huo ulipimwa na hali halisi upande wa pili wa ziwa. Kule Kisumu, Kenya, katika utafiti ulioanza mwaka 2003, wajawazito 522 wenye VVU walipewa dawa za kufubaza virusi kuanzia mwishoni mwa ujauzito hadi miezi sita baada ya kujifungua. Watoto walioambukizwa mpaka umri wa miezi sita walikuwa kama asilimia 5, mafanikio makubwa kwa wakati ule. Lakini ziwa lilipoachishwa mara moja kwenye miezi sita, kuhara kuliongezeka. Mtoto aliyeepushwa na virusi aliwekwa mlangoni pa ugonjwa mwingine.

Mwaka 2010 WHO ilibadili mwongozo, na kuanzia mwaka 2013 Tanzania ikaanza kuwapa wajawazito wote wenye VVU dawa za maisha. Leo mama anayemeza dawa zake kila siku anashauriwa kunyonyesha kama wengine: miezi sita ziwa tupu, kisha aendelee pamoja na chakula. Sayansi ilibadilika kwa miaka kumi. Kumbukumbu huchukua muda zaidi. Bibi aliyeshuhudia binti yake akiambiwa mwaka 2005 aache, na mwaka 2015 mkamwana wake akiambiwa aendelee, ana sababu ya kuuliza wataalamu wameamua nini safari hii. Tena kuna upande wa aibu: mama anayeacha ziwa ghafla hujulikana mtaa mzima, na anayeendelea hulindwa na ukimya.

Halafu kuna mimba. Katika sehemu nyingi za Tanzania ziwa huachishwa siku mama anapogundua kwamba ana mimba nyingine, kwa imani kwamba maziwa hayo ni ya aliye tumboni na yatamdhuru wa mgongoni. Neno kubemenda limebeba hofu hiyo na zaidi: mtoto anayedhoofika husemwa wazazi wake walikutana mapema, au mmoja wao alitoka nje. Mwanaanthropolojia Mara Mabilia aliyeishi na Wagogo wa Dodoma aliandika kitabu kizima kuhusu namna ziwa, tendo la ndoa na afya ya mtoto vilivyofungamanishwa. Kwa macho ya tabibu, mama mjamzito mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha. Kwa macho ya kijiji, mtoto aliyekonda ni ushahidi dhidi ya mama yake. Na hapa kuna kinaya: kunyonyesha bila kuchanganya, mchana na usiku, kabla hedhi haijarudi, huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98 katika miezi sita ya mwanzo. Kile kikombe cha uji cha saa tatu asubuhi, kwa kupunguza mara za kunyonya, kinaweza kuikaribisha mimba itakayolikatisha ziwa lote.

Je, kuna kilichofanya kazi? Kipo, tena karibu. Kati ya mwaka 2006 na 2008 huko Mbale, mashariki mwa Uganda, wanawake wa kawaida walipewa mafunzo mafupi ya ushauri wa kunyonyesha, kisha wakawatembelea akina mama majumbani kwao mara tano hivi, kuanzia wakiwa wajawazito. Mtoto alipofika wiki 12, asilimia 82 ya waliotembelewa walikuwa wakinyonyesha bila kuchanganya, dhidi ya asilimia 44 ya wasiotembelewa. Kwenye wiki 24 pengo lilikuwa 59 kwa 15. Elimu waliyopeleka ni ileile ya kliniki. Tofauti ni kwamba ilibisha hodi, ikaketi jikoni, bibi naye akaisikia, na ilirudi wiki ambayo mtoto alikuwa analia zaidi.

Kwa upande wa Mwanza na mikoa ya Geita, Kagera, Shinyanga na Kigoma, mradi wa lishe wa ASTUTE ulitumia mbinu ya namna hiyo kuanzia mwaka 2015: wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliopita nyumba kwa nyumba, pamoja na matangazo ya redio ya "Mtoto Mwerevu" yaliyowalenga hata akina baba. Hao ni muhimu kuliko siku zao tatu zinavyoonyesha. Mume anayeteka maji, au anayemwambia mama yake kwa adabu kwamba mtoto atapewa uji akifika miezi sita, anampa mke wake kile ambacho dawati la kliniki haliwezi kumpa.

Watoto waliovuka yote hayo huachishwa ziwa wakiwa wanatembea na kutaja majina. Kulikiza nako kuna ufundi wake. Wapo wanaopaka chuchu shubiri au pilipili; mtoto huonja, hukunja uso, humtazama mama kama aliyesalitiwa, na kesho yake hujaribu tena. Wengine huamua mtoto asafiri. Bibi huja kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na kumfunga mgongoni kwa khanga mpya, akiwa na mfuko wa unga wa ulezi. Wawili hao huteremka bandarini kupanda meli ya Ukerewe, safari ya saa tatu au zaidi juu ya maji. Mama haendi kuwasindikiza, kwa sababu mtoto akimwona atataka kunyonya. Hubaki nyumbani siku mbili tatu, matiti yakiwa yamejaa na kuuma, akiyakamua kidogo kidogo kwenye bakuli, mpaka mwili uelewe kwamba maziwa hayahitajiki.